Mrija wa Chuma Ukweni Majimoto

Mpaka leo nikifika Majimoto na gari, pale kwa fundi wa kuchomelea mageti, huwa napandisha kioo na kujifanya natafuta kitu chini ya kiti. Haisaidii. Vijana wa bodaboda wanaijua gari, wananijua na mimi, na lazima mmoja apaze sauti, "Shemeji! Umebanwa?" na kijiwe kizima kinaangua kicheko. Nimejaribu kukasirika, nimejaribu kucheka nao, yote yamegoma, kwa hiyo nimeamua niwasimulie mwenyewe, maana habari inayozunguka mtaani (eti nilikutwa nakunywa gongo na mama mkwe) si ya kweli, ingawa ya kweli nayo, nikiri tu, haina nafuu kubwa.

Mimi ni dereva wa kambi moja ya watalii pale Sitalike, kwetu ni Mpanda mjini. Sasa kazi hii ina ugonjwa wake. Ukishinda na wageni kutwa, wanakusimulia kwao, unawaitikia "yes, yes", ikifika jioni na wewe unajiona umesafiri, wakati mahali pa mbali kabisa ulipowahi kufika ni Tabora, tena kwa treni, tena umesimama.

Basi akaja mgeni mmoja kutoka Ajentina, mzee mwenye masharubu. Kila asubuhi kabla ya kwenda kuangalia viboko anakaa na kibuyu chake kidogo, anakijaza majani makavu, anamimina maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, anafyonza kwa mrija wa chuma wenye kichujio chini, kikiisha anamimina tena anampa mwenzake, kibuyu kile kile, mrija ule ule. Chai yao hiyo inaitwa mate (ndiyo, mate, chekeni mmalize, mimi nilishaamua kuiita chai ya Ajentina ili maisha yaende). Alinipa na mimi. Ilikuwa chungu mpaka masikio yalisimama, lakini nilikunywa huku natikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Akanieleza kwamba kwao hakuna nyumba isiyo nayo, fundi anakunywa, mwalimu anakunywa, polisi anakunywa, na kwamba utamu wake hasa si majani, ni kukaa pamoja. Siku ya kuondoka akaniachia kibuyu, mrija na mapaketi ya majani. Katika maneno yake yote mimi nilibeba moja tu, kwamba sasa nina kitu ambacho Mpanda nzima hakuna.

Jamani, nilijidai! Nikawa natembea na kibuyu kwapani na chupa ya chai mkononi. Kijiweni nipo nacho, kwa kinyozi nipo nacho, kikao cha mtaa nipo nacho, nafyonza huku natazama mbali. Mtu akiuliza namweleza taratibu zote hata kama hakuuliza taratibu. Mrija nao nikausifia kwa kila mtu: hauna kutu, hauvunjiki, utarithiwa na wajukuu. (Hauvunjiki. Likumbukeni hilo neno.) Mama yangu alinitazama siku moja akaniuliza, "Deo, hicho kina tofauti gani na kibuyu alichokuwa anakunywea pombe babu yako?"

Nikamwambia, "Mama, hiki ni cha kimataifa."

Wakati huo nilikuwa na mchumba, Skola, mwalimu wa shule ya msingi hapa Mpanda, kwao Majimoto. Na hapa lazima nirudi nyuma kidogo, maana bila hili hamtaelewa kilichokuja kunikuta. Kabla hata sijamjua yule mgeni, likizo ya Pasaka nilimsindikiza Skola kwao, kama rafiki tu, si mnaelewa. Nikamkuta baba yake amekaa na wazee wenzake kwenye chungu cha pombe ya ulezi, ile inayomiminiwa maji ya moto na mrija mmoja wa tete unazunguka kwa wote. Mzee akaufuta mrija kwa kiganja, akaninyooshea. Mimi nikarudi nyuma. Nikasema, "Samahani mzee, sisi tunaofanya kazi na wageni tumefundishwa, mrija mmoja watu wengi, hapo ni vijidudu tu." Mzee akaurudisha mrija kwenye chungu, akasema, "Sawa, kijana." Nikajiona nimemfundisha kitu.

Ikafika siku ya posa. Mshenga wangu alikuwa Mzee Boni, jirani yetu, mtu mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Asubuhi akaniweka pembeni. "Deo, leo una kazi mbili. Kuangalia chini, na kunyamaza. Kuongea ni kwangu." Mama naye akaniambia kibuyu nikiache nyumbani. Nikaitika kwa wote wawili, halafu nikaingia chumbani nikakitia kwenye begi, katikati ya vitenge vya mama mkwe. Kila kitu kilichofuata kilitoka humo kwenye begi.

Safari ikaanza. Kufika Sitalike nikashikwa na woga, si unajua tena, unakwenda kuomba mtoto wa watu, nikasema ngoja nijitulize kidogo. Nikafyonza. Tunakatiza hifadhini, vioo tumepandisha kwa ajili ya mbung'o, joto limejaa ndani, nafyonza. Kibaoni chupa ikaisha, nikamwomba mama ntilie maji ya moto, nikaendelea. Kwa wasioijua, ile chai inaamsha kuliko kahawa, na ukiizidisha moyo unakimbia, mdomo unafunguka wenyewe, na kibofu nacho hakikubali kubaki nyuma. Mgeni alinieleza ninywe taratibu. Alinieleza mambo mengi.

Majimoto tukapokelewa vizuri sana. Wakatukalisha kwenye viti chini ya turubai, ukoo wote umefika, Mzee Boni akakohoa akaanza, "Tumetoka Mpanda, tumesikia nyumba hii ina jiko, na sisi kwetu kuna baridi." Akajibiwa na Shangazi Tekla, dada wa baba yake Skola, mama mfupi mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mabonde ya mpunga.

"Majiko yamejaa soko la Mpanda. Mmeyarukaje mpaka mkafika huku?"

Watu wakacheka, mambo yanakwenda, na mimi naangalia chini kama nilivyoagizwa. Lakini yale maji ya barabarani yalikuwa yameshapanda kichwani, magoti yanacheza yenyewe, na niliposikia mtu anasema chai iletwe, nikasimama. Yaani bwana harusi mtarajiwa, kwenye posa yangu mwenyewe, nikasimama. "Wazee wangu," nikasema, "chai ya leo naomba niitoe mimi." Mzee Boni akanivuta koti. Nikalivua koti.

Nikatoa kibuyu, nikatoa mrija, nikaanza kufundisha. Kwamba hii ni chai ya Ajentina. Kwamba anayeandaa ndiye anayeanza kunywa. Kwamba kibuyu ni kimoja na mrija ni mmoja, haufutwi, haukorogwi, na ukipewa hukatai, kukataa ni kumdharau aliyekupa. Nilipofika kwenye mrija mmoja nilimwona baba yake Skola ameinua macho kidogo, lakini mimi nilikuwa nimeshapata mwendo, sikusimama. Nikafyonza, nikamimina, nikampa. Akanywa yote, uso hautikisiki, akasema, "Kichungu." Nikampa baba mdogo wake Skola, akanywa akasema asante, na kwa kuwa kwa wale wenyewe ukisema asante maana yake umetosheka, mzunguko uliofuata nikamruka. Akanuna. Nikamweleza kwa nini nimemruka. Akanuna zaidi.

Hapo ndipo mama yake Skola alipotoka jikoni na sinia la wali.

Kwa wale wa mijini sana, niwaambie: kwetu huku mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hamli sahani moja, hamkai mkeka mmoja, mkikutana njiani mmoja anapisha. Nalijua hilo toka utotoni, sikuhitaji kufundishwa. Lakini siku ile kichwani nilikuwa na taratibu za Ajentina peke yake. Nikamimina maji, nikamfuata yule mama, nikamnyooshea kibuyu kwa mikono miwili. "Mama, karibu. Hii haikataliwi."

Masikini mama wa watu, sinia mkononi, wageni wanamtazama, angefanyaje? Akaliweka sinia chini, akageuza uso pembeni, akafyonza kidogo, akanirudishia. Na mimi, kwa kuwa kibuyu lazima kiishe, nikaupokea mrija ule ule, moto wa mdomo wake haujapoa, nikafyonza mpaka kikalia.

Wanawake wote wa jikoni wakachungulia kwa pamoja.

Shangazi Tekla akapiga makofi mara moja. "Haya. Mmeona wenyewe, mimi sisemi."

Mzee mmoja akasema, "Sema tu."

Akasema. "Kwetu sisi, watu waliochangia mrija na mama mwenye nyumba ni watoto wa mama huyo. Huyu kijana ameshaingia tumboni. Ni kaka yake Skola. Sasa nyie mnieleze, tangu lini kaka anaposa dada yake?"

Nikadhani ni utani wa posa, nikacheka. Nilicheka peke yangu. Wazee wakaanza kutikisa vichwa, mmoja akasema ni kweli, mwingine akasema hata marehemu baba yake alikuwa akisema hivyo, na Mzee Boni, yule mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni, alikuwa ameshika kichwa hana hata neno la kumtoa mjusi. Mimi badala ya kunyamaza nikaanza kutetea. "Lakini wazee wangu, kule Ajentina familia nzima..."

"Kule Ajentina," akasema baba yake Skola taratibu, "ndiko ulikokuja kuoa?"

Nikakaa. Kupitia mlango wa jikoni nilimwona Skola amesimama amejifunika kitenge mdomoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikaogopa kweli. Miaka miwili ya kumbembeleza yule binti, na naweza kumpoteza kwa ajili ya kibuyu.

Mzee Boni akapata sauti, akauliza kama hakuna dawa. Shangazi akasema ipo, nyepesi tu. Mrija unavunjwa mbele ya mashahidi, vipande viwili, kimoja kwa mama, kimoja kwa mkwe, udugu umekufa, posa inaendelea. "Ni tete tu," akasema, "mtu anavunja kwa vidole."

Halafu akauangalia vizuri ule mrija.

Baba mdogo aliyenuna akajitolea wa kwanza. Akauweka gotini, akavuta, ukapinda. Akaunyoosha, akavuta tena, ukapinda upande wa pili. Wakaja na jiwe. Wakaja na shoka, wakaogopa makali yasiharibike, wakaligeuza wakaupiga kwa kisogo, ukabonyea bila kukatika. Wanaume wanatoka jasho, wanawake wanatoa ushauri, na mzee mmoja (sijui aliyasikia wapi) akasema, "Si ndiyo huu alisema utarithiwa na wajukuu?" Ikaamuliwa twende kwa fundi wa kuchomelea. Ukoo mzima ukainuka.

Siku hiyo ilikuwa ya mnada. Barabara imejaa wafugaji na ng'ombe wao, wanunuzi wa mpunga, bodaboda kila kona, na katikati tunapita sisi: Shangazi Tekla mbele ameubeba mrija kwenye sahani kama sadaka, wazee nyuma yake, mimi kwenye shati jeupe bila koti. Kila mtu anauliza kuna nini, na kila anayejibu anaongeza chake. Tulipofika kwa fundi, midomoni mwa watu nilikuwa nimeshakuwa mlevi.

Fundi akaupokea, akaugeuzageuza. "Nyie mnataka nitengeneze nini hapa?"

"Tunataka uvunje udugu," akasema Shangazi.

Fundi akasema kazi hiyo hajawahi kuletewa, lakini kama ni kukata tu, atakata. Akachukua mashine yake ya kukatia, akabonyeza. Kimya. Umeme ulikuwa umekatika.

Basi tukasubiri, na pale kwenye kusubiri ndipo kibofu kilipoanza kudai haki yake. Ile chai ya Sitalike, ya hifadhini, ya Kibaoni, ya chini ya turubai, yote ilikuwa imefika kwa pamoja. Nikabana miguu. Nikamnong'oneza Mzee Boni aniombee ruhusa, akaniambia bila kunitazama, "Leo umeongea mwenyewe. Endelea kuongea mwenyewe." Nikamfuata Shangazi, kabla sijafungua mdomo akasema mhusika haondoki mpaka mrija ukatike. Nikarudi nikasimama. Nikahesabu mageti ya fundi. Nikaimba moyoni nyimbo za kwaya. Mwisho mwili ukaamua bila kunishirikisha, nikatoka mbio.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya mama mmoja, "Bwana harusi anatoroka!"

Ndugu zangu, mnawajua bodaboda wa Majimoto? Hawakuuliza mara mbili. Pikipiki kama tano ziliwashwa kwa pamoja, na mimi nakata kona ya soko, naruka magunia, watu wanapisha na kunyoosheana vidole, hadi nikafika nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, kwenye lundo la pumba. Nikafungua mkanda. Sikuwa hata nimemaliza kushukuru Mungu, pikipiki zikanizunguka, na watu nyuma ya pikipiki, na mbele ya wote, amepakiwa kwenye moja ya hizo pikipiki, akashuka Skola.

Wengine wote walikuwa wanacheka. Yeye alikuwa analia. "Deo," akasema, "kama hunitaki si ungeniambia tukiwa Mpanda?"

Mimi nimempa mgongo, siwezi kugeuka, siwezi kusimamisha jambo lenyewe, na maneno yote niliyoyamwaga tangu asubuhi yamekwisha. Yalibaki mawili. "Skola, nimebanwa."

Nadhani alitazama mkanda, akatazama pumba zilivyolowa. Halafu nikamsikia anawageukia wale watu kwa sauti yake ya darasani, "Haya geukeni basi! Nyie hamjawahi kubanwa?" Na mnada mzima wa Majimoto, wafugaji na bodaboda na wanunuzi wa mpunga, ukageuka. Siku hiyo ndiyo nilijua kwamba nikimkosa huyu, sioi tena.

Umeme ukarudi. Fundi akakata, cheche zikaruka, watu wakapiga vigelegele, vipande viwili vikawekwa kwenye sahani. Tukarudi nyumbani tukakaa chini ya turubai, na sasa nikaangalia chini kweli, hakuna aliyenivuta koti. Baba yake Skola akaingia ndani, akatoka na chungu. Akamimina maji ya moto, akatumbukiza mrija wa tete, akampa kwanza babu mmoja asiye na meno ambaye mafua yalikuwa yamemkaba tangu tulipofika. Babu akanywa, akapenga, akanywa tena. Mzee akaupokea mrija, hakuufuta, akaninyooshea.

"Kijana, Pasaka ulinifundisha kwamba mrija mmoja una vijidudu. Leo umeninywesha wa kwako. Nataka kujua tu, vijidudu vya Ajentina vina pasipoti?"

Niliona aibu mpaka miguuni, maana yule mzee alikuwa ameniwekea nafasi kwenye chungu chake siku nyingi, na mimi nikaenda kuitafuta nafasi hiyo hiyo kwa mtu aliyepanda ndege. Nikaupokea kwa mikono miwili. Nikafyonza, nikafyonza tena, mpaka chungu kikapungua wakakiona.

"Vipi vijidudu?" akauliza.

"Vitamu, baba."

Ndipo akacheka, na kila mtu akacheka, na Mzee Boni akapata tena ulimi akaanza upya habari za jiko.

Tulifunga ndoa baada ya mavuno. Kwenye sherehe nikamvuta Shangazi Tekla pembeni, nikamuuliza kwa heshima zote, ile mila ya mrija na udugu, hasa ilianza lini? Akanitazama, akapangusa mdomo kwa kitenge. "Ilianza siku ile," akasema, "uliponikataza nisifute mrija nyumbani kwa kaka yangu."

Ningecheka, ila mila ikishazaliwa huwezi kuirudisha. Kibuyu kilibaki ukweni, na hakikukaa bure. Baba mkwe aliionja tena ile chai kwa siri, akaizoea, na sasa ndiyo inayomwamsha. Kila nikipata mgeni anayetoka upande ule wa dunia namwomba majani bila aibu, nayapeleka Majimoto. Asubuhi wanakaa wote barazani, baba mkwe, mama mkwe, Shangazi Tekla, hata Skola wangu, chupa ya chai katikati, kibuyu kinazunguka na mrija wa tete, wanasimuliana na kucheka, vile vile alivyonieleza mzee wa masharubu. Kikifika kwangu kinanipita. Siku ya kwanza nilinyoosha mkono, baba mkwe akanirudisha kwa upole, "Huu una mdomo wa mama mkwe wako, mwanangu. Tutarudi tena kwa fundi?" Shangazi alikuwa anaangalia juu, eti kuna ndege.

Nimeapa kwamba kitu cha ng'ambo hakiingii tena kwenye begi langu kabla sijauliza nyumbani kama hatuna chetu, na kwamba mshenga akisema ninyamaze, nitanyamaza hata turubai likiwaka moto. Wao wakiendelea kuzungusha kibuyu, mimi naletewa chai ya rangi, kwenye kikombe changu peke yangu, kisafi, hakina kijidudu hata kimoja.